Sauti Iliyokatwa Mkia

Kompyuta iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa huwa na harufu yake. Vumbi lililolala kwenye feni linaungua kidogo, plastiki inapata joto, na chumba kizima kinanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Ninyi mliokua wakati mmoja na mimi, mliojifunza kushika mausi kwenye vyumba vya kuchapia vilivyokuwa na pazia la kitenge mlangoni, mnaijua. Juzi ilinikuta pale Bwera, baada ya mazishi ya Mama, nilipokaa kwenye kiti chake na kuwasha mashine yake ili nitenganishe mali ya wateja na yetu. Sikuwa nimelia vizuri tangu tumzike. Harufu ile ilinitoa machozi ambayo waombolezaji wote na nyimbo zao hawakuweza kuyatoa.

Duka lenyewe lilikuwa kando ya barabara inayoshuka mpakani Mpondwe, chumba kimoja cha bati, kompyuta moja, mashine ya fotokopi iliyokuwa na hasira, na rafu ya karatasi ambayo chini yake palikuwa na mkeka wangu. Mawakala wa forodha waliingia na haraka zao, karatasi zao zikinuka samaki wa chumvi, wakachapiwa na kutoka mbio kabla lori halijasogea. Dukani Mama alisema Kiswahili hata na mimi mwanawe, ili wateja wasidhani tunawasengenya. Kilhukonzo, lugha yetu, tulikiacha nyumbani, na humo ndimo tulimowasengenya.

Wateja wote walimwita Mama Masika. Mtoto pekee waliyemwona pale ni mimi, na mimi naitwa Biira. Kwetu Wakonzo jina linamngoja mtoto kabla hajazaliwa: msichana wa kwanza wa tumbo ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu Kabugho, na foleni inaendelea, wavulana nao wakiwa na foleni yao. La kanisani utachagua mwenyewe. Mimi nilipewa Juliet, na shangazi yangu mmoja amebadilisha la kwake kila alipobadilisha kanisa. Lile la tumbo halibadilishwi, hata aliye mbele yako akifa. Kwa hiyo kila aliyenisikia nikiitwa Biira alijua kuna mmoja aliyenitangulia. Mgeni akiuliza, "Na Masika anasoma wapi?" Mama alimwuliza anataka kopi ngapi. Nyumbani hakukuwa na picha yake, wala nguo yake, wala mtu wa kunieleza. Watu wazima wana tabia hiyo mbaya ya kuamini kwamba wasilolisema mtoto hatalijua.

Mimi nilimjua Masika kwa sauti. Mchana, ile saa ya joto ambapo malori yamezima injini na mawakala wamekwenda kula bundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki, Mama alivuta pazia na kuniambia nilale. Nililala macho wazi. Nilisikia mausi ikibonyezwa, kisha kutoka kwenye spika ndogo kukaja upepo, kuku, na baada ya kuku sauti ya msichana, nyembamba, kama mtu anayeongea ndani ya pipa tupu. Alisema kwa Kilhukonzo, "Biira, njoo. Biira, njoo huku. Njoo." Mausi ilibonyezwa tena na kukawa kimya. Ilikatwa pale pale siku zote, hakuna siku iliyoendelea mbele. Mama alikaa bila kutikisika, mkono juu ya mausi, kisha aliinuka, akanawa uso kwa maji ya jerikeni na kufungua pazia.

Mara ya kwanza nilidhani ni mtoto wa nje ananiita tucheze, nikatoka. Nje palikuwa na jua jeupe na mbwa aliyelala chini ya lori. Siku iliyofuata ilirudi, nami nikatazama vizuri sauti ilikotokea, na kwa akili yangu ya kitoto mambo yote yakakaa sawa. Masika alikuwa ndani ya lile sanduku chini ya meza. Lilikuwa na joto la mtu. Lilinguruma taratibu kama anayelala na mafua. Lilikuwa na matundu ya kupumulia ubavuni. Nilikatazwa kulipiga teke, nikakatazwa kumwaga maji karibu nalo, na jioni Mama alilifunika kitenge, akivuta pembe zote zifike chini, kama anavyofunikwa mtoto. Sasa niambie, wewe ungefikiri nini?

Niliogopa, lakini pia nilifurahi, maana mtoto wa pekee hana wa kugombana naye. Nikawa namwekea karanga kwenye matundu. Sisimizi wakaja kwa wingi, Mama akawalaani wote na ukoo wao, asijue nani anawaita. Wateja wakiwa wengi nilijipenyeza chini ya meza na kumnong'oneza, "Masika, toka basi." Hakunijibu. Aliniita mchana tu, maneno yale yale, kwa furaha ile ile, na nilipoitika hakusikia.

Jambo moja lilinichukua muda kuligundua, na nilipoligundua nilikosa usingizi. Hapo mwanzo sauti ile ilikuwa ya dada mkubwa. Ilikuwa nzito kuliko yangu, ilijua kuamrisha. Kisha nikaanza shule, meno yakang'oka na kuota mengine, na mchana mmoja nikiwa mkekani nikasikia kwamba tumelingana. Baadaye kidogo nikasikia kwamba yeye ni mdogo. Alikuwa mkubwa wangu na alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nilikuwa nampita, na hakukuwa na namna ya kusimama nimngoje.

Nilipoweza kusoma, Mama akaanza kunifundisha kazi. Picha zilizotoka kwenye simu na kwenye skana zilikuja zikiwa na majina ya namba, kama wafungwa, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuyapa mafaili majina ya wenyewe ili mteja akirudi apatikane. Mama alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa hapo.

"Kopi kwanza," alisema. "Halafu funga ile yenye iko wazi. Sasa piga F2. Umeona imekuwa yote ya buluu?"

"Nimeona."

"Usiandike! Ukiandika sasa unafuta mpaka mkia. Pita na mshale, simama mbele ya nukta. Ya mbele ya nukta ni yako, ita Baluku, ita duka ya mbao, ita vile unataka. Ya nyuma ya nukta ni yake. Hiyo ndio inaambia kompyuta kama hii ni picha, ama ni barua, ama ni sauti. Ukiitoa, kompyuta haimjui tena."

"Inakufa?"

"Inakuwa karatasi nyeupe tu." Akanitazama. "Wewe ni Juliet. Kesho ukitaka kuwa Grace, nani atakukataza? Lakini ile Biira ukiitoa, mutu atajua namna gani ulitoka tumboni nyuma ya nani?"

Lilikuwa somo zuri, nami nalitumia mpaka leo kwa vijana wa ofisini kwangu Kasese, ambao wananicheka na kisha kunipigia simu faili likikataa kufunguka. Mama alinionyesha pia lile onyo. Nilifuta mkia wa picha moja makusudi, mbele yake, na kijidirisha kikaruka kwa Kiingereza, Mama akanitafsiria: ukibadilisha mkia huu faili huenda lisifunguke tena, una uhakika?

"Ikikuuliza hivyo, sema hapana. Siku zote sema hapana. Maji yakimwagika hayazoleki."

Siku hiyo hiyo, nikishuka na mshale kwenye orodha ndefu ya majina, nililipita moja lililoandikwa Masika, nukta, halafu a, m, r. Nywele zikanisimama. Kumbe alikuwa na mkia. Mama aliweka mkono wake juu ya wangu, akaisogeza mausi pembeni, akasema hilo nisiliguse kabisa.

Likizo iliyofuata nilipelekwa Kyarumba kwa bibi, mamake Baba, kusaidia msimu wa kahawa. Baba alikuwa dereva wa malori ya Beni, ng'ambo ya mpaka, na alikuja nyumbani kama mvua ya kiangazi, kwa hiyo mizigo ya ukoo ilibebwa na bibi. Nyumba yake imekaa kwenye mteremko ambao ukidondosha chungwa, jirani wa chini analila. Kahawa inaanikwa kwenye mikeka, na kazi ya mtoto ni kuwafukuza kuku na kukunja mikeka mvua ikitaka kushuka. Bibi alikwenda kutafuta majani ya mbuzi, akaniambia nisiondoke mkekani hata nikiitwa na mfalme.

Ukungu wa kule hauji kutoka juu kama watu wa tambarare wanavyodhani. Unapanda kutoka bondeni, mchana kweupe, unameza mgomba mmoja mmoja. Ulipofika mkekani sikuona tena jiko la bibi. Kuku walinyamaza. Nilikuwa nimeinama kukunja mkeka niliposikia chini yangu, mle mwenye weupe, msichana akiita kwa Kilhukonzo.

"Biira, njoo! Biira, njoo huku!"

Sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka. Niliona ni haki yangu. Nilikuwa nimemsihi atoke, naye ametoka. Nikaacha mkeka na kahawa ya watu, nikashuka. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, inateleza. Sauti ikaita tena, mbali kidogo, nikaitika, "Nakuja, Masika!" Ikaita tena kutoka chini zaidi, ikicheka. Nikaiacha njia nikapita kwenye majani ili nimuwahi, na mguu ukatafuta ardhi usiipate. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi langu liliokolewa na shina la mkahawa nililolikumbatia kwa mikono miwili. Chini yangu nilisikia maji ya korongo, sikuyaona. Hapo ndipo nilipopiga kelele.

Bibi alinivuta kwa gauni. Nilitegemea fimbo, nami niliistahili, lakini aliniuliza tu nimefuata nini.

"Masika ameniita. Sauti yake naijua. Anakaa kwenye kompyuta ya Mama."

Bibi akaketi kwenye matope, mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona ameketi mchana. Akanishika miguu yote miwili kwa nguvu mpaka ikauma, na hakuiachia mpaka ukungu ukapanda juu yetu na kwenda zake. Ndipo nikaona kwamba tuko hatua chache tu kutoka kwenye kaburi dogo lililopandwa maua ya njano, ambalo kila likizo nililipita bila mtu kuniambia ni la nani.

Nimekua, nimehesabu. Mteremko ule wote una kina Masika na kina Biira, kila nyumba na wake, na kila dada mkubwa duniani huita mdogo wake. Bila shaka alikuwa mtoto wa jirani. Ni nyumba gani, sijawahi kuuliza, na sitauliza.

Homa ilinishika jioni ile, na asubuhi bibi alinibeba mpaka kwenye barabara, akanishusha Bwera kwa pikipiki, mimi nikiwa katikati yake na dereva, nikitetemeka. Aliingia dukani bila salamu. Mama aliacha kuchapa na kupiga goti kumsalimu, bibi hakuupokea mkono.

Aliniweka mkekani, akasema kwa Kilhukonzo, "Nataka kumsikia."

Mama hakuuliza nani. Alivuta pazia, akafungua. Upepo, kuku, na ile sauti: Biira, njoo. Biira, njoo huku. Njoo. Mama akakata pale pale anapokata. Bibi alikuwa ameziba mdomo kwa pembe ya kitenge. Alikuwa amemzika mtoto yule kwa mikono yake, na hakujua kwamba bado anaongea.

"Nani alimtia humo?"

"Baba yake. Kwa simu, kabla mtoto hajaugua. Nikaihamisha ili isipotee."

"Kwa hiyo aliyekufa anamwita aliye hai, na wewe unamfungulia mlango kila siku." Hakupaza sauti. "Huyu hapa alikuwa amening'inia kwenye korongo akimwitikia. Anachemka, mshike. Mfute yule, mfute sasa hivi, ama Biira napanda naye Kyarumba na hutamwona tena kwenye chumba hiki. Nimezika mmoja. Wa pili sitamzika kwa sababu ya mashine."

Pazia likafunguka, akaingia Mama Kavira wa duka la jirani, muuza vitenge. Alikuwa ametoka upande wa Beni wakati wa fujo, na rozari shingoni na marobota mawili ya nguo, na Kavira lilikuwa jina lake mwenyewe, si la mtoto, yaani Biira kwa mtindo wa kwao, maana foleni ya ng'ambo ni ile ile ya kwetu. Kilhukonzo cha bibi alikisikia vizuri sana kupitia bati, lakini akikasirika alijibu kwa Kiswahili cha kwao.

"Mukubwa, pardon," alimwambia bibi. "Ule mutoto iko anaita mudogo wake. Mabaya iko wapi? Mi niliacha batoto babili kule njiani. Sina sauti, sina foto, sina hata kiatu. Beko banalala fasi gani, sijue. Mama huyu iko na sauti, munataka atupe?"

"Wa kwako hawamwiti mtu," bibi akasema.

"Kama bangeniita, ningeenda," akasema Mama Kavira, akatoka, na hakurudi kuaga.

Mama alikuwa amesimama kati ya mkeka na meza. Nilimtazama kutoka chini, kichwa kikiniuma, na niliona waziwazi kwamba anachagua kati yetu wawili. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi wakati ule niliujua woga tu: kwamba akimchagua Masika, napanda mlimani kwenye ule weupe, na akinichagua mimi, Masika anakufa mbele yangu. Sikujua niombe lipi.

Akaketi. Akasema bila kugeuka, "Sitamfuta, mama. Nitamnyamazisha. Hataweza kumwita mtu tena."

"Utaweza?"

"Ni kazi yangu."

Alipiga F2. Jina lote likawa la buluu, na nilingoja aguse mshale. Hakugusa. Akaandika juu yake, taratibu, kwa kidole kimoja kama mwanafunzi wa siku ya kwanza: usifute. Hakuweka nukta, hakuweka mkia. Kile kijidirisha kikaruka. Una uhakika?

"Sema hapana!" nikapiga kelele. "Mama, sema hapana!"

Akabonyeza ndiyo.

Ile picha ndogo ya spika iliyokuwa kando ya jina ikatoweka, pakabaki karatasi nyeupe yenye pembe iliyokunjwa. Mama akaibonyeza mara mbili mbele ya bibi. Kompyuta ikauliza ilifungue hilo kwa kitu gani, maana haikijui. Spika zilikaa kimya. Bibi aliinama akasikiliza kwa muda, sikio karibu na meza.

"Amelala?"

"Amelala."

Bibi akamshika Mama bega, kwa upole kabisa, akaenda nje kunitafutia dawa. Mimi nililia mpaka nikatapika. Nilijua nilichokiona: Mama amefanya lile alilonikataza kuliko yote, amelifanya kwa mkono usiotetemeka, na mtoto wake amegeuka karatasi. Kisha wazo jingine likanijia, baya zaidi, nikaliuliza.

"Sasa mimi ni nani? Mimi ndiyo Masika?"

Akapiga magoti mkekani, akanishika kidevu. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Wewe ni Biira. Yeye akisema, akinyamaza, wewe ni Biira. Umesikia?"

Nilisikia, lakini sikumsamehe. Nilipona, shule zikafunguliwa, na sanduku chini ya meza likawa sanduku. Liliendelea kunguruma na kupata joto, nami niliona ni ngurumo ya kitu kisicho na mtu. Karanga nilikula mwenyewe. Mchana Mama hakuvuta pazia tena. Alikwenda kukaa kwa Mama Kavira, wakapatana, wakawa wanashona pamoja bila kuongea. Wateja waliendelea kumwita Mama Masika, naye aliendelea kuitika. Kwa miaka mingi sana nilibeba moyoni kwamba mama yangu alimuua dada yangu ili kumridhisha mkwewe, na tulipogombana, maana tuligombana, neno hilo lilinijia mpaka kwenye meno. Nashukuru halikuwahi kutoka. Shuleni Kasese ndipo nilipojua kwamba mkia ukikatwa, kilichomo ndani hakiguswi hata kidogo. Kompyuta tu ndiyo haijui iingilie wapi. Nililijua hilo kama mtu anavyojua jibu la mtihani, na sikulihusisha na nyumbani.

Sanduku la zamani liliuzwa kwa wanunua vyuma. Likaja jingine, likafa nalo, na hili nililoliwasha juzi ni la tatu. Nilianza na mafaili ya wateja. Chini kabisa ya yetu, peke yake, palikuwa na karatasi nyeupe iliyoitwa usifute. Nikachomeka flashi yake aliyoivaa shingoni sokoni na kanisani, nayo ilikuwemo. Kwenye simu yake ilikuwemo. Alikuwa ameihamisha kutoka mashine hadi mashine, sauti aliyoinyamazisha mwenyewe, bila kuifungua hata mara moja. Nilimwomba msamaha kwa sauti, pale kwenye kiti chake, na mpita njia akachungulia pazia aone naongea na nani.

Nikatengeneza kopi kwanza. Nikapiga F2, nikaenda na mshale hadi mwisho wa jina, nikaweka nukta, a, m, r. Ile karatasi ikawa spika. Ilikuwa mchana, lori moja limezima injini nje. Mtu mzima mwenye watoto wake, niliogopa kuitwa.

Upepo. Kuku. "Biira, njoo. Biira, njoo huku. Njoo." Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mausi kukata pale tulipokuwa tukikata, nikauondoa.

Baada ya pale kuna mtoto mchanga anacheka. Kuna vishindo vya miguu midogo kwenye udongo mgumu, kimoja, halafu kimya, halafu viwili pamoja, vya mtu ambaye hajawahi kutembea. Masika alikuwa akinifundisha. Na hapo hapo inaingia sauti ya mwanamke kijana kutoka ndani ya nyumba, kali, ya mtu aliyechoka, nami ilinichukua muda kujua kwamba ni Mama.

"Masika! Mara ngapi nakwambia mwache mtoto? Utamwangusha! Toka hapo!"

Ndipo alipokuwa akikata. Hakuwahi kuvumilia kujisikia, wala hakumwachia bibi asikie, na kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu mle dukani aliyefika kwenye jibu. Msichana hakukasirika. Alikuwa anahema kidogo, kama aliyebeba kitu kizito kwa kifua chake.

"Simwangushi, Mama. Nimemshika."